Maji yako chini ya mchanga: mwongozo kamili wa kustahimili kiu katika nyika ya Dodoma

Mwezi wa kumi Dodoma hauna huruma. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, nyasi zinavunjika ukizigusa, mibuyu imesimama mitupu, na upepo wa mchana unakausha midomo kabla hujamaliza kusalimiana. Mkoa huu hupata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote maji hufuatwa.

Nawaandikia wanaoingia porini huku kwa shughuli zao: wachungaji, warina asali, wapima ardhi, madereva wa malori, vijana wa bodaboda wanaokata njia za vumbi kati ya Bahi, Chemba, Kondoa na Manyoni. Mimi nimekulia upande wa Bahi nikichunga mbuzi wa babu. Nilipokuwa mtu mzima, tena ninayejiona mwenyeji, kiu ilikaribia kuniua, na maji yalikuwepo. Yalikuwa mwendo wa dakika tano tu kutoka pikipiki ilipozimika, chini ya mchanga wa korongo. Nililivuka lile korongo saa saba mchana nikikimbilia kijiji nilichodhani kipo nyuma ya kilima. Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima kingine. Wachungaji wawili wa Kibarbaig walinikuta jioni chini ya mkwaju, siwezi hata kutamka jina langu.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kuhusu kiu, naanza na mwili wake. Kutafuta maji kunakuja baadaye.

Kabla hujatoka nyumbani

Panga lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku atakayokuwa juani, kisha ongeza siku moja zaidi ya safari yako. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, kwa hiyo huwezi kulibeba mgongoni kutwa nzima. Likae kwenye chombo cha usafiri. Gawa maji katika vyombo viwili au vitatu, maana dumu moja likipasuka umepoteza yote. Usitumie dumu lililowahi kubeba dizeli au dawa ya kupulizia pamba, hata ukilisugua kwa majivu mara kumi.

Kwenye mkoba weka kiberiti kilichofungwa vizuri kisipate unyevu, kopo la bati au sufuria ndogo, kitambaa safi cha pamba, vidonge vya kutibu maji, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na kata au bakuli imara. Chukua shuka au kitenge. Wengi hudharau shuka, lakini ndilo kivuli chako pale ambapo hakuna mti.

Mwambie mtu mmoja njia utakayopita na saa utakayofika. Mwambie pia afanye nini usipofika. Kauli ya "nakwenda porini" haimsaidii mtu kukutafuta.

Hatua ya kwanza: keti

Chombo kimeharibika, au umegundua huitambui njia. Keti kivulini. Usiamue lolote kwa nusu saa ya kwanza, kwa sababu miguu itakuwa inataka kwenda kabla akili haijajua inakwenda wapi.

Mtu anayetembea kwenye jua kali anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja. Fanya hesabu mwenyewe: ukitembea kuanzia saa tano hadi saa tisa, umemwaga lita nne, na huenda mwisho wa safari hiyo ukakuta kisima kikavu. Aliyeketi kivulini akatulia hupoteza sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa hiyo punguza jasho. Maji yenyewe usiyabane: kama unayo, kunywa unaposikia kiu, kidogo kidogo. Kuna watu wamekutwa wamezimia huku chupa ina maji nusu, wakiyatunza kwa ajili ya kesho. Maji yaliyo kwenye chupa hayaupozi mwili.

Chagua kivuli kwa makini. Mbuyu wakati wa kiangazi hauna majani, ila shina lake ni pana na linatoa kivuli cha upande mmoja. Utalizunguka kadiri jua linavyozunguka, kama ng'ombe wanavyofanya. Mkwaju ni bora zaidi kwa kuwa majani yake yanakaa. Usiketi juu ya udongo mtupu, maana ardhi iliyochomwa na jua ni ya moto kuliko hewa. Kwangua udongo wa juu shibiri moja, utakuta wa chini umepoa. Au kata matawi uyakalie. Kabla ya hapo gonga shina na upekue kwa fimbo, nyoka naye anatafuta kivuli hicho hicho.

Nguo usivue. Shati la mikono mirefu na shuka kichwani vinazuia jua na upepo visinyonye jasho haraka. Pumua kwa pua, punguza maneno.

Kama maji ni haba, usile chakula kikavu. Nyama, dagaa na karanga za chumvi zinadai maji mwilini ili zisagike na taka zake zitoke. Mtu mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula; bila maji kwenye joto hili, siku mbili au tatu zinaweza kummaliza. Pombe ya aina yoyote weka mbali. Mkojo usinywe, unarudisha mwilini chumvi ambazo figo zimezitoa. Na maji ya rejeta usiyaguse: yakiwa yamechanganywa na koolanti ni sumu inayoua figo, na wengi huwa hawajui fundi aliweka nini.

Kokoto mdomoni huleta mate, haileti maji. Ukitaka kuifanya, fanya, ila mtoto usimpe, itamkaba.

Hatua ya pili: kubaki au kuondoka

Kama watu wanajua ulipo, au una gari, baki. Gari linaonekana kutoka mbali kuliko mtu, na lina kivuli chini yake. Fungua boneti kama ishara, tandika nguo ya rangi kali juu ya paa, na jioni washa moto wa moshi kwa kutupia majani mabichi. Fyeka nyasi kwanza kuzunguka moto. Nyika ya Oktoba inashika kama petroli.

Simu: panda mahali pa juu jioni, si mchana. Ujumbe mfupi hupita mara nyingi pale ambapo mazungumzo yanakatika. Andika ulipo, mko wangapi, na maji yaliyobaki. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kisha zima simu, uiwashe kwa saa mlizokubaliana.

Ondoka tu ikiwa hakuna anayekutarajia, au maji yamekwisha na una dalili ya kweli ya mahali penye watu. Tembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni hadi jua linapozama. Usiku wa mbalamwezi ni baridi na unavutia, lakini karibu na mapori ya akiba kama Swagaswaga au Rungwa kuna wanyama, na kingo za makorongo hazionekani vizuri. Usiku tumia macho badala ya miguu: taa nyekundu ya mnara wa simu huonekana kutoka mbali sana. Weka mstari wa mawe kuelekea taa hiyo, ulale, uufuate alfajiri.

Reli ya kati inapita katikati ya nchi hii tangu Wajerumani waifikishe Dodoma mwaka 1910, na siku hizi kuna reli mpya ya umeme pia. Ukiikuta reli, au nguzo za umeme, usiiache. Na unapoondoka acha alama: mshale wa mawe, karatasi yenye tarehe na saa.

Hatua ya tatu: soma nchi

Ng'ombe ndiye mwalimu wa kwanza. Mapito yake yanapokutana, mawili kuwa moja, moja kuwa pana zaidi, na kinyesi kuwa kibichi zaidi, unaelekea kwenye maji au kwenye zizi. Yakiwa yanatawanyika kama vidole, unaelekea malishoni. Geuka.

Ndege wala nafaka hawawezi kukaa muda mrefu bila kunywa. Njiwa wanaoruka moja kwa moja, chini chini na kwa haraka wakati wa jioni wanakwenda kunywa. Wakirudi huwa wazito na hutua tua mitini. Kanga pia, na nyani. Tai na mwewe usiwafuate, wao hupata maji katika nyama. Wala digidigi: huyo anaishi kwa unyevu wa majani na anaweza kukaa mahali ambapo hakuna tone.

Nyuki wakiwa wengi kwenye tope au wakiingia kwenye ufa wa jabali, maji hayako mbali. Mti wa kuangalia ni mkuyu. Mgunga una mizizi mirefu na huota hata pakavu kabisa, hivyo usikudanganye. Lakini mkuyu mnene, wenye majani mabichi wakati wa kiangazi, ukiwa kando ya korongo, unakunywa kitu hapo chini. Tazama pia miguu ya vilima vya mawe. Majabali ya Dodoma hayanyonyi mvua. Yanaitiririsha hadi chini, na udongo ulio kwenye kisigino cha jabali hukaa na unyevu miezi mingi baada ya mvua. Utaona ukanda wa kijani umezunguka jiwe kama shanga.

Hatua ya nne: chimba korongoni

Hapa ndipo maisha ya nyika yetu yalipo. Mito mingi ya huku ni ya msimu: inafurika wiki chache, halafu unabaki mchanga mweupe unaoweza kuupita kwa baiskeli. Maji hayajaondoka yote. Yameketi kati ya punje za mchanga, juu ya udongo wa mfinyanzi au mwamba ulio chini. Jua hunyonya tabaka la juu, lakini likishashuka kiasi cha urefu wa mkono nguvu yake imekwisha. Mchanga wenyewe unakuwa kifuniko. Ndiyo maana kina mama wa Kigogo huteka maji mtoni mwezi wa tisa, kwenye mto ambao mgeni anauita mkavu.

Shangazi yangu hakuanza kuchimba kabla ya kukanyaga. Alivua ndala, akatembea polepole katikati ya korongo, na kila hatua chache akazungusha kisigino mpaka kikazama. Mchanga wa juu unaunguza popote. Alichokuwa anakitafuta ni ubaridi wa chini, pale kisigino kinapozama vidole vinne na ngozi inashtuka. Akipapata anachora duara kwa kidole cha mguu, anaendelea na kutafuta pa pili na pa tatu, kisha anarudi kuchagua. Nimeshawahi kushindana naye nikiwa na sururu na yeye na bakuli. Alikunywa yeye kwanza, akanipa.

Ukiwa huna kisigino cha shangazi, chagua hivi:

1. Kwenye kona ya korongo, chimba upande wa nje wa kona, chini ya ukingo mrefu. Maji ya mafuriko hupiga pale kwa nguvu na kuchimba kina, kisha mchanga huja kukijaza.

2. Ukiona mwamba umekatiza korongo kama kizingiti, chimba upande wa juu, yaani upande maji yanakotokea. Mwamba umefanya kazi ya bwawa.

3. Mchanga wa punje kubwa hutoa maji upesi kuliko tope laini. Tope hukaa na maji lakini halitaki kuyaachia.

4. Mashimo ya zamani yaliyofunikwa kwa miiba ni ushahidi kwamba wenyeji wanayajua maji ya hapo. Shimo la mtu usilichafue. Teka kwa chombo safi na urudishe miiba kama ulivyoikuta, kwa sababu ndama akitumbukia mle kijiji kizima kimekosa maji.

Chimba jioni au alfajiri. Anza na mdomo mpana, karibu hatua moja na nusu, kwa kuwa mchanga mkavu hauna adabu, unateleza kurudi. Mchanga ukibadilika kutoka weupe kuwa rangi ya sukari guru, chukua gao moja ulifumbate. Ukifungua mkono likabaki na alama za vidole vyako, maji yako karibu. Likimwagika kama unga, endelea. Ukifika kina cha kiuno bila hata unyevu, acha, hamia mahali pengine. Jasho lako lina thamani kuliko shimo hilo.

Maji hayaji kwa kishindo. Mchanga wa chini unaanza kung'aa, kisha unalegea ukiukanyaga, halafu tone linachungulia upande mmoja, mara nyingi upande wa juu wa mto. Hapo simama. Weka majani ya nyasi au matawi laini kuzuia kingo, ngoja. Maji ya kwanza ni meupe kama uji. Yateke uyamwage mbali, si kando ya shimo. Yateke tena mara mbili au tatu. Ya nne huwa yametulia. Teka kwa upole, ukiingiza kata ubavu badala ya kuizamisha, usitibue.

Kama mifugo inanyweshwa hapo, panda juu ya mto hatua hamsini au zaidi, uchimbe shimo lako mwenyewe. Samadi na mkojo hushuka na maji.

Mambo mawili yanaua watu korongoni. La kwanza ni kingo: shimo likizidi kiuno chako usiingie ndani, hata kama maji unayaona. Mchanga mbichi unasimama kama ukuta dakika kumi, kisha unaanguka wote kwa mara moja, na aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua. Panua shimo badala ya kulishusha. La pili ni mafuriko. Novemba na Desemba mvua inaweza kunyesha milimani ambako wewe huoni wingu, na korongo kavu likajaa ghafla. Usilale ndani yake, hata kama mchanga ni laini kama godoro. Ukisikia mngurumo kama wa lori na hakuna barabara, toka.

Na ukikuta shimo limechimbwa na tembo, maji ni ya kweli, lakini mwenye shimo atarudi. Kinyesi chake kikiwa bado kina mvuke au unyevu, ondoka sasa. Kikiwa kimekauka, teka mchana na usilale karibu.

Vyanzo vingine, kwa ufupi

Mbuyu wa zamani wakati mwingine una uwazi juu, pale matawi yanapogawana, na mvua hujaa humo. Tazama kama kuna vigingi vilivyopigwa shinani. Warina asali huvitumia kupandia, nao hujua mbuyu upi una maji. Chungulia kwanza kama hakuna nyuki. Unga wa ubuyu una uchachu unaoleta mate lakini ni mkavu kabisa, usiukimbilie ukiwa na kiu.

Vidimbwi vya juu ya majabali hukaa wiki chache baada ya mvua, kisha hukauka. Matunda ya mpungate yana majimaji. Yafute vizuri miiba yake midogo kwa mchanga. Tikiti la porini lililo chungu ulimi unapoligusa, litupe. Na mmea wowote wenye maziwa, uache. Mnyaa unaoota kwenye uzio wa kila kijiji una utomvu unaoweza kupofusha jicho, sembuse kunywa.

Kuna maelekezo ya kufunga mfuko wa plastiki kwenye tawi ili majani yatoe maji, au kuchimba shimo na kulifunika kwa nailoni. Vyote vinafanya kazi mahali penye majani mabichi na udongo wenye unyevu. Dodoma ya kiangazi miti mingi imepukutika, na mifuko yenyewe ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ukiwa na nailoni safi na mkwaju mbichi, funga tawi asubuhi na upokee vijiko kadhaa jioni. Kuchimba shimo la aina hiyo juani utatoa jasho kuliko utakachopata.

Bomba la mkono la kijiji likionekana limekufa, pampu mara hamsini kabla ya kukata tamaa. Mengine yamekaukiwa tu na maji ya kwenye mrija.

Maji ya kuogopa

Hadithi ya jina la Dodoma, inayosimuliwa na kila mzee hapa, ni kwamba tembo alikuja kunywa akazama kwenye tope, watu wakaita mahali hapo idodomya, palipozama. Nairudia kwa kila mgeni kwa sababu lambo (bwawa la kunyweshea mifugo) linalokauka bado ni mtego ule ule. Ukingo una ganda gumu, ndani ni tope la kiunoni. Pita pale ng'ombe walipokanyagia, ukitangulia na fimbo ndefu. Ukinasa, lala chali uvute miguu polepole.

Maji ya josho la ng'ombe ni sumu ya kupe. Usiyanywe, usinawe. Mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nayo yaache, zebaki haichemki ikaisha. Hali kadhalika maji yenye ngozi ya mafuta juu, au yenye mizoga ya vyura na wadudu pembeni bila sababu.

Upande wa Bahi na Manyoni utakuta maji ya chumvi. Onja kwa ncha ya ulimi. Chumvi hafifu mwili utaistahimili kwa siku moja mbili. Ikikaribia chumvi ya machozi, yatakuzidishia kiu. Kuchemsha hakuondoi chumvi, na hakuondoi madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa ya wanaoyanywa miaka mingi. Kwa aliyepotea siku tatu floraidi si tatizo.

Malambo mengi yana kichocho. Usiingie kuoga wala kuvuka bila viatu visivyopitisha maji.

Hatua ya tano: safisha

Chuja kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Maji yakiwa na udongo mwingi, yaache yatulie. Ukiwa na mbegu za mlonge, menya moja au mbili kwa kila lita, zitwange, koroga polepole dakika chache, na baada ya saa moja au mbili udongo utakuwa umeshuka. Mlonge unashusha uchafu, hauui vijidudu vyote, hivyo kazi haijaisha.

Chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, dakika moja inatosha. Vidonge au dawa ya klorini kama WaterGuard: fuata kipimo cha pakiti, tikisa, ngoja dakika 30. Kwenye maji yenye tope dawa hushindwa, ndiyo maana tumechuja.

Huna moto wala dawa? Jua linalokutesa litakusaidia. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, bila karatasi yake. Ijaze maji yaliyotulia, ilaze juu ya bati au jiwe jeusi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa sita za jua kali zinaua vijidudu vingi vya kuhara. Siku ya mawingu iache siku mbili. Kipimo cha usafi: ukisimamisha chupa juu ya gazeti ukachungulia kwa mdomo wake, usome herufi kubwa za kichwa cha habari. Usipoziona, chuja tena.

Na kama huna chochote, umeanza kupepesuka, na mbele yako kuna maji ya ng'ombe yasiyo na kemikali? Kunywa. Homa ya matumbo huchukua siku nyingi kujitokeza na ina dawa. Kiu ya nyikani inamaliza mtu kesho. Ukifika hospitali, waeleze ulikunywa nini.

Hatua ya sita: mwenzako akizidiwa

Anza kumwangalia mapema. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kichwa kuuma, hasira zisizo na sababu, mate mazito: huyo anahitaji kivuli na maji sasa hivi. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, ngozi ikawa ya moto, awe anatoa jasho au hatoi, joto limepanda hadi kwenye ubongo na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe mwili kwa maji yoyote, hata ya lambo, na umpepee kwa nguvu. Weka vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu usimmiminie maji mdomoni, yatakwenda mapafuni.

Anayeweza kumeza mpe ORS. Usipokuwa nayo: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, na vijiko sita vya chai vya sukari. Mafunda madogo, kila baada ya dakika chache. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Utosi uliobonyea na kilio kisicho na machozi ni safari ya hospitali, si ya kesho.

Ukifika kwenye kaya ya watu

Simama mbali kidogo upige hodi, mbwa wa huku hawana mgeni. "Mbukwa" kwa Mgogo wa rika lako, "shikamoo" kwa mzee, kisha sema wazi: naomba maji ya kunywa, nimezidiwa na kiu. Sijaona mtu akinyimwa. Ila kumbuka kwamba maji ya mtungi ule binti wa nyumba hiyo ameyafuata tangu alfajiri. Pokea kata kwa mikono miwili, usimwage mabaki chini, yarudishe au yanywe.

Kunywa taratibu. Wale wachungaji walinipa funda moja, wakanipokonya kibuyu, wakahesabu, wakanipa la pili. Niliwachukia kwa nusu saa hiyo. Ukibugia lita tatu kwa pamoja utatapika yote, na maji mengi bila chumvi yanaweza kuyumbisha damu. Funda, pumziko, funda, halafu uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Lala kivulini siku nzima hata ukijisikia mzima. Yakipita masaa manane tangu uanze kunywa na bado hujapata mkojo, au ukawa mwekundu kama maji ya kutu, omba wakupeleke zahanati usiku huo huo, figo zinahitaji kuangaliwa.

Na mweleze mwenye kaya uliacha wapi shimo lako, ili mtu aende akalifunike kwa miiba.